Sekunde Tisa za Cherehani

Walikuwepo wote, hakuna atakayesema hakusikia, mkaguzi wa benki kuu na kompyuta yake, shehe wa kamati ya sharia, mwanasheria wa kampuni inayokopesha bila riba kwa simu, wakala wa kampuni hiyo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Miwani, na yeye mshonaji, na mwanawe amelala pajani, huyo tu ndiye asiye na kesi na mtu... "Dada, nakuuliza tena, vitufe hivi vitatu alivibonyeza nani, wewe au wakala?" na kidole cha mkaguzi kiko kwenye kioo, kampuni imenunua cherehani, sekunde nne baadaye imemuuzia mteja, sekunde tano tena mteja amepokea, na shehe anatikisa kichwa, "Sekunde tisa! Mimi kuvaa viatu tu hazinitoshi," mkaguzi akatabasamu, mwanasheria hakutabasamu, "Kama wakala aligusa simu ya mteja, hilo ni kosa lake binafsi, kampuni haimo," binafsi, neno zuri la kumtupia mtu jalalani, na Mama Miwani ameinamisha macho, mama wa watu, siku ile kibandani kwake mtoto alikuwa na miezi miwili, analia mpaka anakauka, simu inamteleza yeye mkononi, na Mama Miwani akamwachia kiti chake, akasimama yeye na miguu yake iliyovimba, "Lete nikubonyezee, mwanangu, wewe mnyonyeshe," nani mwingine aliwahi kusimama ili yeye akae... halafu pesa zikaingia kwenye simu, akaenda dukani mwenyewe, akachagua cherehani mwenyewe, akaisukuma kwa mkokoteni, kampuni haikuigusa hata kwa ukucha, naye alimtambia mumewe, hii si riba, kampuni inanunua kwanza, inakuwa mali yake, ikiungua imeungulia kwake, ndipo inaniuzia kwa faida tuliyokubaliana, na mumewe akasema haya, wewe ndiye unayejua, kumbe hakujua, kumbe ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu, na sare zote alizoshona, na maziwa ya mtoto yaliyotoka humo, ee Mola, na ilikuwa nia safi... "Dada?" akisema ni mimi, Mama Miwani anapona, ila rekodi inakuwa safi, na kesho mwingine anakalishwa kwenye kiti kile kile na mtoto wake, akisema ni Mama Miwani, basi anamlipa wema kwa kisu, wajukuu watatu wanaomtegemea, watakula nini... na ile karatasi? Ukutani pale kibandani, yenye nembo ya kampuni, mteja asiondoke kabla ya vitufe vyote vitatu, Mama Miwani aliisoma kwa sauti huku akifuta miwani kwa upindo wa khanga, "Wakubwa wana haraka, sisi ni vidole vyao tu," na akacheka, na yeye akacheka, kwa hiyo kidole ni cha Mama Miwani lakini mkono je, nani aliyeweka kununua na kuuza na kupokea kwenye ukurasa mmoja, mbona hakuna anayeuliza hilo, hata shehe aliyeweka sahihi kwamba mpango huu ni halali, atasema yote basi, kidole na karatasi, akijua la kwanza litaandikwa upesi, la pili hajui, anaogopa hivyo hivyo, na Mama Miwani ameinua uso, anasema kwa midomo tu bila sauti, sema mwanangu, sema... mtoto amejigeuza pajani, kalamu ya mkaguzi bado iko hewani, "Nakusubiri, dada, nani?"

Mama Miwani alifutiwa kibali kabla mwezi haujaisha, na kampuni ilipewa onyo kwa barua.