Baraza Lililotazama Malishoni

Tulipokuwa mwaka wa tatu chuoni tulipewa mteja wa kweli kwa mara ya kwanza. Bi Earline Stallworth alikuwa na miaka sabini na moja. Yeye na mumewe, Mzee Cleophus, waliishi katika nyumba ya trela iliyooza sakafu, kando ya barabara ya udongo mwekundu huko Alabama. Chuo kilitoa mbao na saruji. Sisi wanafunzi wa usanifu majengo tukatoa ramani na mikono. Wao hawakudaiwa chochote, na nadhani ndiyo maana waliomba kidogo.

Mwenzangu Desmond alifungua daftari, akamwuliza Bi Earline anaota nyumba ya namna gani.

"Mimi siotioti, mwanangu. Nipe choo karibu na kitanda, na baraza mbele nione nani anapita. Basi."

"Na dirisha kubwa je?" nikauliza.

"La kutazamia nini? Ng'ombe wa jirani yetu Tolbert? Nimeshawaona."

Mzee Cleophus alicheka mpaka akakohoa. Nasi tukacheka, tukaandika.

Choo tulikiweka karibu na kitanda. Lakini Profesa Hargrove, msimamizi wetu, alipoiona michoro aliweka kidole upande wa magharibi, palipo na malisho yanayoteremka hadi mtoni, akasema mandhari kama ile haipewi kisogo. Ni mimi niliyechukua kalamu nikalihamishia baraza nyuma. Sikulazimishwa. Nililichora refu, lenye nguzo nyembamba, na ukuta wa kioo nyuma yake, moyo ukinidunda kwa uzuri wake. Upande wa barabara nikaacha ukuta mtupu wa mbao, na mlango.

Bi Earline alipoletewa mfano wa kadibodi aliuzungusha mara mbili.

"Baraza langu limekwenda wapi?"

"Liko huku, Bi Earline. Jioni mtakuwa mnatazama jua likizama," nikasema.

Akamwangalia mumewe. "Haya. Ninyi ndio mliosoma."

Nyumba ilikamilika mwezi wa Mei. Picha zake zilitoka kwenye jarida, tukapata tuzo ya wanafunzi, na mama yangu akaifremu ile picha ya kioo kikiwaka machweo.

Sikurudi kule mpaka Agosti ya mwaka uliofuata, nilipopita njia ile nikielekea mji wa Mobile. Nilimkuta Bi Earline ameketi kwenye kiti cha jikoni, juani, mbele ya ule ukuta mtupu. Hapakuwa na kivuli hata cha kufunika magoti.

"Renata," akasema, "umekonda. Hawakulishi?"

Nikauliza Mzee yuko wapi.

"Tulimzika Februari."

Aliniambia bila kupandisha sauti. Ilikuwa Jumapili. Mzee aliamka na baridi kidogo, akamwambia mkewe atangulie kanisani. Akatoka kukaa barazani kule nyuma, akaangukia pale. Tolbert alipita barabarani na pikapu mara mbili, akapiga honi kama kawaida yake. Hakuona mtu, akadhani wote wako ibadani. Bi Earline alirudi saa saba. Mzee alikuwa bado anapumua.

"Daktari alisema labda angepona kama wangemuwahi, labda asingepona. Mimi sijui, na wewe hujui. Usianze kulia kwenye uwanja wangu."

Ndani, kioo chote kilikuwa kimefunikwa mablanketi ya viraka, yamepigiliwa misumari. Alisema hawezi kupika huku anapaona pale mahali.

Chuo kilipofunguliwa nilimwendea Profesa Hargrove. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Mtu alipata kiharusi, Renata. Nyumba haikumpiga."

"Haikumpiga. Ilimficha."

Aliivaa tena miwani. Kisha akasema chuo hakina fungu la kurekebisha nyumba iliyokwisha kukabidhiwa, na kwamba nisijibebeshe kifo cha mtu. Nilitoka bila kumuaga.

Desmond alikuwa mgumu zaidi. Picha za nyumba ile ndizo alizokuwa akizipeleka kwenye maombi ya kazi.

"Ukibandika baraza mbele umeua ramani nzima."

"Ramani ya nani?"

"Yetu sote. Usijifanye mtakatifu."

"Mkono uliolihamisha ni wangu. Nakwenda Jumamosi, uje usije."

Nilikwenda na wanafunzi wawili wa mwaka wa pili na mbao tulizoomba kiwandani. Saa nne asubuhi Desmond akafika, msumeno ukiwa kwenye buti la gari, uso umemkunjamana. Bi Earline alimtazama kuanzia viatu.

"Bwana Daftari. Umekuja kufanya kazi au kuandika?"

"Kufanya kazi, mama."

Safari hii hatukuchora kitu kabla ya kumwuliza. Alileta kiti chake, akakaa pale alipotaka, nasi tukapima kimo cha ukingo kwa macho yake akiwa ameketi. Tulipoweka nguzo ya tatu alisema inamkinga asione njia panda. Desmond aling'oa msumari mmoja mmoja, akaisogeza. Kazi ilichukua Jumamosi tano. Kioo tulikitoa kwa ruhusa yake, tukajenga ukuta wenye dirisha moja dogo. Baraza la nyuma alitaka livunjwe lote, na mbao zake zichomwe, zisitumike tena. Tukazichoma.

Mwisho wa mwaka, mbele ya jopo la watahini, nilitundika ramani mbili za nyumba ile na kueleza ni kwa nini kuna ya pili. Mmoja aliuliza kama baraza la mbele halikuharibu uwiano. Nikasema ndiyo, limeuharibu. Profesa Hargrove alikuwa ameinamia karatasi zake. Nilifaulu, si kwa alama nzuri.

Lakini Jumamosi ile ya mwisho ya ujenzi, kabla ya jopo, tulipokuwa tukifagia vumbi la mbao, nilitaka kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Agosti. Bi Earline aliniona navuta pumzi, akainua kiganja.

"Mmefanya kazi nzuri," alisema. "Sasa nendeni nyumbani. Nataka kukaa hapa kidogo, mwenyewe."

Tukakusanya vifaa, tukaondoka.