Maua Yaliyokuwa Kazini

Mke wangu alipanda kabichi zake za mwisho akiwa ameketi kwenye kigoda, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Mimi nilichimba mashimo, yeye akashindilia udongo kwa vidole. Katikati ya kabichi aliweka mistari ya maua: marigoldi za rangi ya chungwa, na giligilani aliyoiacha makusudi ikue mpaka ichanue maua meupe. Nilimuuliza kwa nini anapoteza nafasi.

"Wewe fundi cherehani, kaa na nyuzi zako," akanicheka. "Vibarua wangu watakula wapi?"

Vibarua wake walikuwa wadudu. Nzi wembamba wenye milia kama ya nyuki walikuja kunywa kwenye maua, kisha wakataga mayai yao juu ya kabichi. Mabuu yaliyoanguliwa yalikula vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani mpaka yajikunje. Wadudu wekundu wenye madoa meusi nao walikuwa na zamu yao. Dawa ya kupuliza haikuwahi kuingia bustanini kwake. Mara nyingi aliniita niache kushona nikamtazame nzi, na nilikuwa nikienda, si kwa ajili ya nzi.

Alifariki kabichi zikiwa bado changa.

Mama mkwe alibaki nami nyumbani baada ya mazishi, pamoja na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Asubuhi moja shemeji aliingia chumba cha kushonea na kuunyakua mkasi wangu mkubwa.

"Weka hapo! Wa nini?"

"Mama anataka maua, Shem. Leo tunakwenda kaburini."

"Mkasi wa kitambaa haukati maua. Ukishakata majani, kesho unatafuna hariri ya watu."

"Basi nachukua kisu cha jikoni. Au nacho kina wivu?"

Nilijua siwezi kuendelea kujificha nyuma ya mkasi. "Msiyakate," nikasema.

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu. "Unamnyima mkeo maua?"

"Yakiondoka, vidukari watazimaliza kabichi zake."

"Kabichi, Shem? Sokoni si zimejaa tele?"

"Za sokoni hakuzipanda yeye."

Aliurudisha mkasi mezani polepole. "Haya. Kamwambie Mama mwenyewe. Mimi simo."

Mama mkwe alikuwa tayari bustanini, kapu mkononi. Tangu nioe sikuwa nimembishia hata neno moja. Aliponiambia ndevu hazinipendezi, nilinyoa siku hiyo hiyo.

"Mama, naomba radhi," nikaanza. "Naomba maua haya yabaki."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mwanangu, makaburi ya wenzake yana maua. La kwake ni udongo mtupu, kama la mtu asiye na kwao. Nikifika pale namwonea aibu binti yangu."

Nilichuchumaa nikageuza jani la kabichi. Chini yake palikuwa na vidukari wa kijivu, wamesongamana. Katikati yao buu dogo, laini kama uzi uliolowa, lilikuwa limemnyanyua kidukari mmoja hewani. Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa jani.

"Kanamla?"

"Kanamnyonya, Mama. Kakimaliza kanachukua mwingine. Mama yake ni yule nzi pale kwenye giligilani. Asipopata pa kunywa, haji kutaga hapa."

Alitikisa kichwa. "Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo. Paka wa mtaa mzima walishiba kwetu." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Sasa mimi nimpelekee nini?"

Niliachia jani, nikainuka.

Mama akapita taratibu kati ya mistari, akasimama penye marigoldi zilizoanza kukauka ncha.

"Na haya yaliyochoka? Nayo yana kazi?"

"Hapana. Hayo alikuwa akiyachuma mwenyewe, ili mapya yatoke."

"Basi nipe hayo."

"Mama!" shemeji akapaza sauti kutoka mlangoni. "Tumpelekee dada maua mazee?"

"Nyamaza, njoo ushike kapu."

Tulichuma kwa vidole, sisi watatu, tukiyaacha yote yaliyokuwa na nzi. Kapu halikujaa, lakini lilinukia.

Kaburini, mwanamke aliyekuwa akifagia kaburi la pili alichungulia kapu letu. "Pole, mama. Maua yenu yamenyauka njiani?"

"Yametoka kazini," Mama akamjibu bila kugeuka.

Shemeji alijiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba.

Mama aliyapanga maua moja moja, upande mzuri juu. Alipomaliza hakuinuka. Akazungumza na udongo kwa sauti ile ya mtu anayeongea na aliyeko chumba cha pili.

"Mumeo leo kanibishia, mwanangu. Kwa ajili ya kabichi zako. Nimemwachia."

Mimi nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.