Wa Kwanza Kunawa

…na aliyetusimulia kwanza hadithi ya yule mfalme ni baba mwenyewe, Matonya, mwaka ule wa njaa, themanini na nne, jioni ile ile alipoletwa Abeli hapa Haneti akiwa na kaptula moja na kikohozi, si mwalimu wa misheni kama Ernest anavyopenda kusema, mwalimu alimsimulia baba, sisi tulisimuliwa na baba, mambo haya yasichanganywe, nami nilikuwepo, niligawa uji huku nasikiliza… jagi hili zito, nililijaza mno, maji ya uvuguvugu, na wao wawili wamekaa mkekani mbele yangu, kaka yangu Ernest, mama mmoja, na ndugu yangu Abeli, mama mwingine, mikono wameshainyoosha juu ya beseni, mikono minne, na ukoo mzima unajifanya unatazama ugali, kwa sababu kwetu mrithi hatangazwi, hunawishwa, siku ya kumaliza matanga binti wa marehemu huchukua jagi, na yule anayemmiminia kwanza ndiye atakayekalia kigoda na kutunza mawe ya kuombea mvua na makaburi ya mlimani, shangazi yangu alimnawisha baba hivyo hivyo, hakusema neno, hakuna aliyesema neno, na leo binti ni mimi… “Hilda, mwanangu,” anasema baba mdogo Loisi kutoka kwenye kiti chake, “mlenda unaganda,” na wanawake wanacheka kidogo mlangoni, nami nasema, “Ndiyo, baba,” lakini mkono hauinami… alikuwa mfalme wa Wazungu, Wiliamu, baba alisema, aliyezaliwa nje ya ndoa, mama yake walisema ni binti wa mtengeneza ngozi, na baba yake alipotaka kwenda kuhiji Yerusalemu aliwaapisha kwanza wakubwa wa nchi kwamba huyu mdogo ndiye, kisha akafia njiani, mtoto akabaki na miaka saba au minane, walinzi wake wakauawa mmoja baada ya mwingine, mjomba akawa anamtorosha na kumficha katika nyumba za maskini, na bado akawa mfalme, baba alisema akimtazama Abeli, bado akawa mfalme, na sote tulijua anachosema, maana mama yake Abeli ni Restuta wa Kibakwe, na baba yake Restuta alikuwa akianika ngozi za ng'ombe na kuziuza… na mwaka huo huo baba akaugua, akaambiwa apelekwe hospitali Dar es Salaam, naye hakutegemea kurudi, akawaita Loisi mdogo wake na Ludovick jirani yetu, akawawekea kigoda katikati ya chumba, akasema wekeni mikono, apeni kuwa ni Abeli, kwa sababu Ernest alikuwa amerudi likizo kutoka shule akasema mbele ya wageni kwamba mawe yale ni mambo ya giza, kijana wa kidato cha kwanza, na baba hakumjibu, alimjibu kwa kigoda… wakaapa, niliona, Ludovick mkono wake ulikuwa na vumbi la mahindi… baba akarudi mzima, lakini kiapo hakikurudishwa, wala hakuna aliyekitaja tena, na wiki ile Ernest akatundika ngozi mbichi ya mbuzi juu ya kitanda cha Abeli, ikidondosha, ikinuka, akasema, “Mfalme, hii ndiyo bendera ya babu yako,” na Abeli hakulia, alilala chini yake mpaka ikakauka, alinikataza nisiiondoe… “Dada, au tunawe wenyewe?” Ernest anasema, anacheka, pete yake inang'aa, ametoka Kikuyu, kule mjini, asubuhi na gari lake, shati bado lina mistari ya pasi, “huko mjini kuna bomba, unafungua tu,” na Abeli, bila kuinua macho, “Mwache. Anajua anachofanya,” na hilo ndilo linalonichoma, Abeli ana hakika, ana kiapo, amelima shamba la baba miaka yote, amembeba baba mgongoni kumpeleka chooni, mikono yake imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na mimi nilikuja hapa nikiwa nimeamua, tangu mazishi nimeamua, nitammiminia Abeli, nitanyamaza, yaishe… kwa sababu sehemu ya pili ya hadithi baba hakutusimulia, niliisoma mwenyewe kidato cha tatu, katika kitabu cha historia kisicho na jalada, kwamba mfalme mwingine, Edwadi, hakuwa na mtoto, na Wiliamu alisema, kiti aliniahidi mimi zamani, na Haroldi, mkubwa mmoja wa nchi ile, alisema, alinikabidhi mimi alipokuwa anakufa, na waliokuwa kitandani walikuwa wachache, miguuni alikaa malkia, anaipasha joto miguu ya mumewe mapajani mwake, na malkia huyo alikuwa dada yake Haroldi, tumbo moja… nilifunga kitabu, sikujua kwa nini kinanisumbua, sasa najua, jioni ya mwisho miguu ya baba ilikuwa mapajani mwangu, baridi kama chupa, nilikuwa naisugua kwa mafuta ya alizeti, Loisi amelala chumba cha pili, Abeli ameenda kufunga ng'ombe, na baba akafungua macho yake yote mawili akasema vizuri kabisa, hakuwa anaweweseka, alinitaja jina kwanza, “Hilda. Kigoda nampa Ernest. Abeli utamwambia wewe”… wewe, baba, wewe uliyewaapisha watu, unaniachia mimi, na nikisema watauliza nani mwingine alisikia, watasema bila shaka, tumbo moja… sijamwambia mtu, hata Ernest, anadhani kigoda ni cha Abeli, amekuja kula tu na kuondoka kabla ya giza… na nilijiambia baba alikosea, mtu anayekufa hurudi kwa mtoto wa kwanza, na Ernest atakiweka sebuleni karibu na televisheni, mawe ya mvua juu ya friji, nilijiambia hivyo mpaka jana, mpaka Abeli aliponiambia, ananoa kisu cha kuchinjia, hakupandisha sauti, “Dada, nikishanawa, yule hatazikwa mlimani. Yeye wala watoto wake. Ile ngozi bado inadondosha usoni mwangu,” nikasema Abeli, mlikuwa watoto, akasema, “Mimi nilikuwa mtoto. Yeye alikuwa na ndevu,” halafu akajaribu kisu kwenye ukucha, na leo asubuhi Ernest anashuka garini, anamkumbatia, anasema, “Bwana mdogo, unakumbuka tulivyolala chini ya ile ngozi ya mbuzi, baridi ya mwezi wa saba? Ilitusaidia ile,” na macho yake hayakuwa na hila yoyote, amesahau, Mungu wangu, amesahau kabisa, ameigeuza kuwa blanketi… na Abeli alitabasamu kwa midomo tu… mikono, kitabu kile kilisema pia habari ya mikono, ule mji ambao watu wake walitundika ngozi kwenye ukuta kumkejeli Wiliamu kwa ajili ya babu yake, naye alipouteka akawakata mikono na miguu, baba aliijua sehemu hiyo, hakuna hadithi baba aliyoijua nusu, aliiacha kwa makusudi kwa sababu ya mtoto aliyekuwa anasikiliza, na akaishi na mtoto huyo miaka arobaini akimtazama anavyopanga kila kitu ndani, hakuna kinachotoka… baba hakukosea, nimesimama hapa na ndiyo kwanza naliona, hakumpa Ernest kwa kuwa anastahili, Ernest hastahili, alimpa kwa kuwa anasahau, kwa sababu anayekalia kigoda ndiye anayesema nani azikwe wapi, na kazi hiyo haiwezi kupewa mtu asiyesahau, wala Abeli wala mimi, mimi niliyejisifu maisha yangu yote kwamba sipotezi jambo, nyumba nzima huniuliza mimi nani alizaliwa lini na nani alimtukana nani… na nikimmiminia Ernest nitampoteza Abeli, atachukua ng'ombe zake aende Kibakwe kwa mama yake, hataniita tena dada, na atakuwa na haki, kiapo kiliapwa, niliona… “Dada,” Abeli anasema, taratibu, sasa ameinua macho, ameona kitu usoni kwangu, mikono yake bado ipo pale pale, karibu zaidi na jagi kuliko ya Ernest, na Ernest anapiga miayo, na mlenda unaganda, tone halijaanguka bado, na nitasema kwa sauti, sitamimina tu, nitasema alivyosema na mahali nilipokuwa nimekaa, wanione ninavyosema, waseme tumbo moja… waliogusa kigoda mwaka ule, Ludovick alikufa, Loisi yu hai, haoni vizuri lakini anakumbuka, Restuta yu hai Kibakwe na hajaulizwa chochote, Ernest yu hai, Abeli yu hai, ananitazama, na aliyeisikia kauli ya mwisho ya Matonya ni mimi, hakuna mwingine, na mimi ni hai.