Nasima Agombea Uenyekiti

Nasima alipofika miaka saba, mama yake, Mwanasiti, alimpeleka kuandikishwa shule karibu na kwao Mabawa. Mwalimu alimuuliza jina, kisha umri, kisha anapokaa. Nasima alipopata la kujibu, alitaja jina lake, na mwalimu keshafika swali la nne.

"Huyu hafundishiki, mama. Kaa naye nyumbani."

Mwanasiti hakubishana. Alikwenda moja kwa moja Chumbageni kwa Devota, fundi cherehani, ambaye binti yake Semeni alikuwa na ulemavu wa akili kama Nasima na hatoki chumba cha uani.

"Mtoe," alimwambia. "Tutawafundisha wenyewe."

Wakaanza barazani, watoto wawili na mkeka mmoja. Walihesabu vikombe, wakaandika herufi mchangani, wakajifunza kufunga vifungo vya shati. Wapita njia walicheka. Mwaka wa pili watoto walikuwa tisa. Mama mmoja alihama kutoka kijiji cha mbali cha Moa kwa ajili ya mwanawe. Baadaye wakasajili chama, wakakiita Tuko Wote, wakapata darasa, vyerehani na tanuri la mikate. Ile shule iliyomkataa Nasima nayo ikafungua darasa la watoto kama yeye, baada ya akina mama kubisha hodi ofisini kila wiki kwa miaka mitatu.

Mwaka huu, kwenye mkutano mkuu, Mwanasiti alitangaza kung'atuka uenyekiti. Kila mtu alimtazama Devota. Lakini Nasima, sasa mwanamke wa miaka ishirini na minane na msimamizi wa tanuri, akasimama.

"Nagombea mimi."

Mzee Abdulghani, mlezi wa chama, akasema kwa upole, "Mwanangu, mwenyekiti husoma makaratasi, huonana na wakubwa."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Makaratasi nitasomewa. Wakubwa watanisubiri nimalize kusema. Miaka yote mnatusemea. Sisi tupo hapa."

Semeni akanyanyua mikono yote miwili. Devota akanyanyua wake. Kisha mikono ikaota ukumbi mzima, hata wa Mzee Abdulghani, aliyekuwa akijifuta macho kwa kofia yake.

Vigelegele vikapasuka. Akina mama wakambeba Nasima juu juu hadi mlangoni, wakitaka kumzungusha mtaa mzima.

"Nishusheni!" akapiga kelele, akicheka. "Rudini mkae. Kikao hakijaisha."

Wakarudi, wakakaa.