Kitu cha Kung'oa kwa Mkono Mmoja

Maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua, na majira hayo mkulima hapumziki. Verdiane na jirani yake Josiane walikuwa wameinama tangu jua halijatoka, wakipalilia mistari iliyo juu ya barabara, hapo mlima wa Kashuga unapoteremka. Mikono ilikuwa kazini, midomo ilikuwa huru.

"Kitendawili," Verdiane akasema.

"Tega."

"Mugeni wangu haombi kiti, lakini akishakaa hatoke tena."

Josiane alifikiri, jembe likiendelea. "Deni."

"Hapana."

"Shemeji yangu."

Verdiane alicheka mpaka akashika kiuno. "Umekaribia, lakini hapana. Nipe muji."

"Nakupatia Mubi."

"Mubi sitaki. Iko vumbi na mapikipiki. Mutoto wangu Samy alienda kubeba mizigo kule, mwaka ya pili sasa, hata salamu hajatuma."

"Basi ngoja nifikiri tena," Josiane akasema taratibu, maana jina la Samy halikuwa la kuchezea.

Shamba lile halikuwa la Verdiane. Alifika Kashuga na sufuria mbili na godoro moja, vita vilipomtoa kwao, akalala misimu mitatu chini ya hema la kambi. Ndipo Papa Séraphin alipomwazima kipande hiki. Hawakuandika karatasi. Siku mbili za juma Verdiane alimlimia mzee, siku zilizobaki alijilimia mwenyewe. Sharti lilikuwa moja, na mzee alilisema akiwa amesimama mpakani na fimbo yake: "Kitu ya kung'oa na mukono moja, panda. Kitu ya kuomba panga, hapana."

Mlima mzima ulijua maana yake. Maharagwe, viazi, mahindi, sawa. Ndizi, kahawa, mti, hapana. Anayepanda mti amekwisha kusema udongo ni wake, hata kama hajafungua mdomo. Kwa ajili ya mti mmoja watu wamefikishana mahakamani, na wengine hawakufika mahakamani, walimalizana njiani.

Jua lilipopanda kidogo, gari mbili zilisimama chini barabarani. Ya mbele ilikuwa nyeupe na bendera ya projé, mradi wa misaada. Ya nyuma ilikuwa wazi, imejaa miche kwenye mifuko myeusi ya plastiki, majani yamelegea kama watoto waliotapika njiani.

"Josiane," Verdiane akasema polepole. "Jibu la kitendawili changu, angalia, limekuja na gari."

Aliyetangulia kupanda alikuwa Jean-Luc, kijana wa Goma, ajenti wa projé, amevaa gile, kizibao chenye mifuko mingi. Nyuma yake alikuja Nshimiyimana, sekretéri wa shefu wa eneo, ambaye muhuri wa ofisi ulikaa katika mfuko wake wa suruali hata Jumapili. Kisha wazungu wanne, wajitoleaji, vijana waliotoka mbali kuja kusaidia amani.

"Mama Verdiane, leo njo siku yako," Jean-Luc akasema. "Tunapanda miti ya amani. Bakimbizi na benyeji, pamoja. Miche makumi ine."

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa kwa maharagwe?"

"Si ulikubali, mama? Uko kwa lisiti." Akafunua karatasi ya orodha ya majina. Kweli, kidole cha Verdiane kilikuwapo, cha buluu, kimekaa vizuri. Verdiane alikikumbuka. Ilikuwa siku ya mkutano chini ya bashi, lile turubai la kambi, walipogawiwa sabuni mojamoja. Aliambiwa aweke kidole kwamba amefika.

"Mimi niliwekea sabuni kidole."

"Sabuni na miti ni projé moja," Nshimiyimana akasema. "Na hapa njo karibu na barabara. Unataka bageni bapande mulima na viatu vile?"

"Papa sekretéri, wewe ni muntu wa hapa. Unajua hii udongo ni ya nani. Unajua pia mti ni nini."

Nshimiyimana aliangalia gari. "Kubadilisha shamba, inaomba prosé-verbali mupya, barua ya ofisi. Prosé-verbali inaomba shefu. Shefu iko safari." Akapapasa mfuko wenye muhuri. "Na inaomba feza ya karatasi."

Verdiane akamgeukia Jean-Luc. "Panda kwa shule, mwanangu. Kwa kanisa. Hata kwa barabara."

"Shule iko ya projé ingine, mama, baliisha kuweka kibao yao. Kanisa vilevile." Sauti yake ilishuka. "Mimi kontra yangu ya kazi ni ya myezi tatu. Kesho tunaanza safari ya Walikale na miche ya kule. Nikirudi na hii makumi ine, banaandika nini juu yangu?"

Hakuwa mtu mbaya. Viatu vyake vilikuwa vimeshonwa mara mbili.

Mmoja wa wazungu alikuja karibu, msichana mwenye uso mwekundu wa jua. Jina lake Astrid. "Shikamoo, mama," akasema.

Neno hilo la Kiswahili cha mbali halisemwi Kashuga, na Verdiane hakujua linajibiwa namna gani. "Ndiyo, jambo," akasema, akamshika mkono, maana mkono haukuwa na kosa. "Mwanangu, sikia. Hii shamba si yangu. Mti ikipandwa hapa, mwenye udongo atanifukuza."

Astrid alikunja uso, akajitahidi, kisha akamgeukia Jean-Luc. Jean-Luc akamwelezea kwa Kifaransa, maneno machache. Uso wa Astrid ukafunguka.

"Usiogope, mama," akasema. "Tutaleta waya. Mbuzi hawatakula miti."

Verdiane aliutazama uso ule wenye furaha. Akaelewa kwamba maneno yake yalikuwa yamevuka mto na kufika ng'ambo yakiwa mbuzi.

Kazi ikaanza. Wale vijana hawakuwa wavivu. Walichimba kwa moyo, wakatokwa na malengelenge, wakaombana msamaha kila walipogongana. Ila hawakuona mahali pa kuweka mguu. Kila hatua yao ilikuwa juu ya ua la haragwe.

"Angalia yule," Josiane akanong'ona. "Anashika jembe sawa anashika nyoka."

"Chukua muche, tupande na sisi," Verdiane akasema.

"Umepata wazimu?"

"Chukua. Lakini plastiki usitoshe, acha ikae kwa mizizi."

Josiane akaelewa. Wakapanda kumi na sita, kila mche na mfuko wake, wakafukia vizuri juu. Mizizi ilibaki imefungwa kama mtu aliyelala na viatu, tayari kuondoka.

Mwishoni wanaume wanne waliokuja na gari ya nyuma wakashusha kibao cha projé. Mguu wake wa chuma ulikuwa umekwisha kumwagiwa simiti huko ulikotoka, donge kubwa kama chungu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Wakachimba shimo katikati ya maharagwe, wakakisimamisha, wakashindilia udongo. Foto zikapigwa. Astrid alimkumbatia Verdiane, naye alimkumbatia kwa kweli, maana mtoto wa mtu ni mtoto. Saa sita gari zikaondoka. Nshimiyimana akaondoka nazo, akiwa kiti cha mbele.

Papa Séraphin alifika kabla vumbi halijatulia. Alikuja polepole kwa fimbo yake, akasimama palepale mpakani aliposimama siku ile ya kwanza.

"Verdiane."

"Papa."

"Nilikuambia nini?"

"Kitu ya kung'oa na mukono moja, panda. Kitu ya kuomba panga, hapana."

"Na hii?"

Verdiane alisogea kwenye mstari wa kwanza. Aliinama, akashika mche kwa mkono wa kuume, mkono wa kushoto akauweka mgongoni kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu. Akang'oa. Mche ukatoka na mfuko wake. Akashika wa pili, mmoja wa ile ya wageni, usio na mfuko. Ukatoka na udongo kidogo. Akashika wa tatu.

Mzee alitazama. Kitu kama tabasamu kilipita chini ya kofia yake, kisha akanyoosha fimbo. "Na ile?"

Verdiane akaenda kwenye kibao. Akakishika kwa mkono mmoja. Akakishika kwa miwili. Josiane akaja, wakavuta pamoja. Kibao hakikutikisika.

"Inasema nini?" mzee akauliza.

Papa Séraphin hakujua kusoma. Verdiane alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Angeweza kusema chochote: kwamba kinasifu Mungu, kwamba kinakataza mbuzi. Lakini kesho asubuhi wanafunzi wangepita njia ile, nao wangekisoma kwa sauti, kama wanavyosoma kila kitu.

"Inasema: Shamba la Amani. La Mama Verdiane na wenzake."

Mzee akaishusha fimbo yake.

"Sasa wewe uko na jina juu ya udongo," mzee akasema. "Mimi baba yangu alizikwa hapa juu, na jina lake haiko mahali popote."

"Sikuandika mimi, Papa."

"Najua. Lakini mimi nitakufa, na ile itabaki. Batoto yangu batakuta jina." Akajifuta jicho lenye ukungu. "Kesho asubui nikipita, nikute udongo iko bila kibao wala mti. Kama bado, utavuna hizi maharagwe, kisha nitapatia muntu mwengine. Usinichukie."

"Sikuchukie, Papa."

Akaondoka alivyokuja. Wanawake wakang'oa miche yote, wakaibeba kwa kitunga mpaka barabarani, wakaipanda kwenye mfereji, mstari mmoja, safari hii bila plastiki. Barabara ni ya serikali. Kama serikali inaona vibaya, ing'oe.

Kisha wakarudi kwenye kibao na majembe. Walichimba mchana wote. Ili kulifikia donge walilazimika kung'oa maharagwe kulizunguka, hatua tatu kila upande, yote na maua yake. Kibao kilipoinama na kuanguka, kiliangukia maharagwe mengine. Wakakifunga kwa kamba ya mbuzi, wakakiburuta kwenye mteremko, na kila kilipopita kiliacha njia ya kijani iliyosagika. Walikiacha kando ya mfereji, mbele ya miche, maandishi yakitazama juu. Verdiane akarudi kufukia shimo, akalikanyaga mpaka likawa sawa na udongo mwingine.

"Kumbe jibu lako halikuwa mti, lilikuwa kibao," Josiane akasema, akipuliza viganja vyake.

"Nilitega vizuri. Nilijibu vibaya."

Maharagwe yaliyokufa hawakuyatupa. Walichuma majani, wakayaosha kwa maji ya bidoni moja, wakayapika mbele ya nyumba ya Verdiane jua likiwa bado juu ya mlima. Chumvi ilikuwa imepanda bei tena, kwa hiyo walitia ya kuonja tu. Josiane alitafuna, akaacha kutafuna, akatafuna tena.

"Amani yenu iko na muchanga," akasema.

"Meza polepole," Verdiane akasema. "Kesho ni siku ya kulimia Papa Séraphin."