Chini ya Ulimi wa Alfani

Mimi sina kinyaa. Katika shule ya uuguzi nilikula mandazi mlangoni pa chumba cha maiti, wenzangu wakitapika. Kwa hiyo nilipopangiwa kituo cha wagonjwa wa akili, hapa Dilala, nilicheka tu. Muuguzi mwenzangu Merdi ndiye aliyerudi nyuma hatua mbili.

"Benoît, usitushike mukono tena. Utatuletea bazimu."

"Bazimu njo batanikimbia mi!"

Harufu ilinipokea getini: mkojo wa juzi, jasho, ugali wa bukari uliochacha.

Nilipewa kazi ya kugawa vidonge. Mgonjwa akimeza, unamfungua kinywa, unatazama chini ya ulimi, ndipo unatia sahihi. Kwa Alfani, mchimbaji wa kobalti aliyeanza kusikia sauti shimoni, nilitazama mara moja tu. Meno yenye utando wa njano, mate yakivutika kama bamia. Tone moja lilinidondokea mkononi. Nilinawa mpaka ngozi ikawaka. Tangu siku hiyo nilimtilia kidonge kiganjani, nikabana pua, nikageukia ukuta na kutia sahihi: amemeza.

Dokta alikuwa amemwahidi Bilkisi, dada yake Alfani: dawa ikimtuliza, Ijumaa anarudi nyumbani.

Ijumaa tulimkuta Alfani akipigana na hewa, povu mdomoni.

"Dawa anakunywaka yote?" dokta aliuliza.

"Yote, dokta. Karatasi njo hii."

"Basi vidonge havimfai. Tuanze sindano kali. Atabaki miezi sita."

Bilkisi, aliyekuja kumchukua, aliketi sakafuni. "Tata Benoît, wewe njo uliniambia anameza."

"Mama, uko na mashaka na mi?"

Ndipo mama Ndaya akaangusha ufagio. Ni mgonjwa wa siku nyingi. Hufagia wodi zote na hajawahi kumsemesha mtu.

"Aah, profesa anataka kufundisha," nilitania.

Hakuna aliyecheka. Ndaya alisimama mbele ya dokta, akabana pua kwa vidole viwili, akageukia ukuta, akaandika hewani sahihi yangu, hata ule mkia wake mrefu wa mwisho. Kisha akainua godoro la Alfani.

Vidonge vyote vilikuwa pale, vimegandamana kwa mate makavu, vimeota ukungu. Uvundo ukapanda.

Dokta hakuviangalia. Aliniangalia mimi. Bilkisi pia.

Vidole vyangu viwili vilikuwa tayari puani.