Tano na Ishirini

Saa nne asubuhi tulimaliza dawa ya presha, na mashine ileile ilitakiwa ianze dawa ya moyo kabla ya saa tano. Siku hizi kiwandani mashine moja hufungasha aina nne za dawa kwa siku. Unafagia hadi kidonge cha mwisho, unabadilisha vyuma, unaingiza namba mpya ya toleo, ya kupigwa kwenye maboksi, kisha watu wawili wanasaini. Heiko, fundi, husaini kwanza. Mimi wa pili.

Lori la hospitali lilikuwa limeshafika. Bi Hägele, kiongozi wa zamu, akaisoma namba kwa kupaza sauti juu ya kelele: "Mia saba, tano na ishirini!"

Sisi Wajerumani hutaja mamoja kwanza, makumi baadaye. Mkono wenye haraka huandika kilichotangulia kusikika. Heiko akabonyeza, akasaini. Nami nikasaini bila kuitazama karatasi.

Maboksi yalikuwa yakipita nilipoitazama. Karatasi: 725. Boksi: 752.

"Heiko, tumegeuza namba."

Akatazama. "Nyamaza. Dawa ni ileile."

"Ikionekana ina kasoro, itatangazwa 725 irudishwe. Mwenye 752 ataendelea kumeza."

"Na saini ya pili ni ya nani, binti? Mkataba wako si unaisha Ijumaa? Haya, jichimbie kaburi."

Ni kweli. Bi Hägele ndiye aliyekuwa aseme kama nabaki au naondoka. Maboksi kumi yakapita, ishirini. Nikabonyeza kitufe chekundu.

Ukimya ule wa ghafla ulimleta Bi Hägele mbio. "Nani kasimamisha?"

"Mimi. Na nimesaini kwa sikio, Bi Hägele. Sikutazama."

Alilinganisha boksi na karatasi, mara mbili. Nje dereva akapiga honi.

"Mangapi yamepita?"

"Elfu mbili na kidogo," Heiko akasema, akiangalia viatu vyake.

Bi Hägele akatoka. Tulimsikia dereva akifoka, kisha lori likaondoka tupu. Aliporudi alikuwa na fomu ya makosa, na jina la kwanza aliloandika lilikuwa lake.

"Mimi ndiye niliyepiga kelele badala ya kuwaonyesha karatasi," alisema. "Haya, Heiko. Kisha wewe, Ronja."

Tuliandika. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, "Na Ijumaa?"

"Mkurugenzi ataniuliza kwa nini nimbakize mtu aliyesaini bila kutazama."

"Utamjibu nini?"

"Bado nafikiri. Leta kisu, tufungue maboksi."

Ijumaa nilipewa miezi mitatu, si mkataba wa kudumu niliouomba.

"Ungenyamaza ungeupata," Heiko aliniambia langoni.

"Pengine."

Akanisindikiza hadi kituo cha basi, akangoja nami hadi basi lilipofika.